Neno "settle": kuketi, kulipa na kupatana

Kuna neno moja la Kiingereza ambalo limeingia katika simu za familia nyingi za Kivu, hata familia ambazo hakuna anayesema Kiingereza. Neno hilo ni "settle", linasomwa karibu kama "setol". Kijana aliyekimbilia Uganda anasema yuko kwenye "settlement". Jamaa aliye Nyarugusu, Tanzania, anasema dosie yake iko kwenye "resettlement". Mfanyakazi wa shirika la kiutu anayepita nyumba kwa nyumba akihesabu wakimbizi wa ndani anaandika kwamba mama fulani ni "settled". Waliobaki nyumbani wanasikia, wanaitikia "Aksanti Mungu", lakini hawajui kama wamepewa habari njema au habari ya kungoja.

Katika mtaa mmoja pembeni mwa mji wa Goma, mwalimu mmoja mwanamke aliamua kulifuata neno hilo hadi kwenye mzizi wake. Kabla ya vita alikuwa akifundisha Kifaransa na Kiingereza katika shule ya sekondari huko Masisi. Alitoka huko kwa miguu pamoja na watoto wake wanne, akapitia Sake, akaishi chini ya bashi magharibi mwa Goma. Mwezi wa Februari 2025, wakati kambi zilizouzunguka mji zilipovunjwa na watu kuambiwa warudi makwao, yeye hakurudi, kwa sababu nyumba yake ilikuwa na watu wengine ndani. Familia moja ikampa chumba uani. Jioni, kwenye baraza ya nyumba hiyo, anawafundisha Kiingereza wale wanaotaka. Hakuna anayelipa pesa. Mmoja huleta makala kidogo, mwingine chumvi, mwingine huleta salamu tu.

Wiki moja wanafunzi watatu walimjia na neno lile lile.

Wa kwanza alikuwa mama ambaye mwanawe yuko Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda. Mwana alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti: "Mama, sisi sasa tumefika kwenye settlement." Mama akaelewa kwamba mwanawe amepata makao ya kudumu, safari imekwisha. Akaanza kuuza masufuria ili apate nauli ya kumfuata.

Wa pili alikuwa kijana ambaye dada yake mkubwa, yaya wake, alikuwa amefika hatua za mwisho za kupelekwa Marekani. Baadaye safari ikasimamishwa. Kijana alikuwa ameona neno "resettlement" kwenye karatasi, na kwa kuwa amesoma Kifaransa alijua kwamba "re" mara nyingi huonyesha kurudia au kurudi. Akauliza kwa woga: "Mwalimu, maana yake yaya atarudishwa huku?"

Wa tatu alikuwa mzee. Alihudhuria mkutano ambapo mgeni mmoja alisema kwa Kiingereza kwamba kazi yao ni "to settle the land question". Mtafsiri, kwa haraka, akasema kwamba wageni wanataka kukalisha watu kwenye udongo. Mzee akasimama, akatoka mkutanoni kwa hasira. Yeye ana shamba lenye mgogoro, na alichosikia ni kwamba watu wengine watapewa shamba hilo.

Mwalimu akawaambia waje kesho yake na madaftari, kwa sababu neno hilo litamaliza jioni nzima.

Kiti, na jua linalotua

Kiingereza cha zamani, kile kilichosemwa Uingereza zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, kilikuwa na neno "setl". Maana yake ilikuwa kiti, mahali pa kuketi. Kutoka hapo kikapatikana kitenzi "setlan", yaani kuketisha, kuweka mtu au kitu mahali pake. Mpaka leo Waingereza wanaita "settle" benchi refu la mbao lenye mgongo wa juu, ambalo nyumba nyingi za zamani zililiweka karibu na moto.

Watu hao wa zamani waliita machweo "setlgang", yaani mwendo wa jua kuelekea kwenye kiti chake. Jua nalo lilihesabiwa kama mtu aliyetembea kutwa na sasa anataka kuketi. Msikilizaji wa Kiswahili hawezi kushangaa, maana hata kwake jua hutua, kama vile mama anavyotua mzigo wa kuni mgongoni anapofika nyumbani.

Neno hili lina ukoo mkubwa. Ndugu zake wa karibu ni "sit", kuketi, "set", kuweka, "seat", kiti, na "saddle", tandiko la farasi. Hata "nest", kiota cha ndege, limejengwa juu ya mzizi huo huo wa kale, kwa maana ya mahali pa kuketi chini. Mzizi huo uliingia pia katika Kilatini, na kutoka Kilatini ukafika kwenye Kifaransa ambacho watoto wa Kongo wanasoma shuleni. Ndimo yalimotoka maneno "siège", "session", "résidence", na hata "président", ambaye kwa asili ya neno ni mtu anayeketi mbele ya wengine.

Kiswahili kimejenga ukoo wa namna hiyo bila kuazima. Kutoka kwenye kukaa tunda lake ni kikao, makao, makazi, mkaaji na makao makuu. Mtu wa Goma anayesema "niko naikala Ndosho" anatumia tendo lile lile analotumia kwa kuketi kwenye kiti. Kwa hiyo maana ya kwanza ya "settle" si ngumu kwa wanafunzi wa barazani: mtu alikuwa anatembea, sasa amekaa.

Mwalimu alisisitiza jambo moja hapo. "Settle" haitumiki kwa kukaa kwa kila namna. Mgeni anayelala siku tatu kwa shangazi yake hasemi ame-"settle". Kiingereza kina kitenzi kingine kwa hilo, nacho ni "stay". "Settle" inataka mwendo uwe umekwisha. Ndiyo maana inatumika kwa vumbi, kwa matope na kwa kahawa. Maji ya mto yakichotwa na kuwekwa kwenye ndoo, matope yanashuka chini polepole na maji yanabaki meupe juu: hapo Mwingereza anasema matope yame-"settle". Wakaaji wa Goma wanakumbuka tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na maelfu ya watu kukimbilia Sake, Minova na kwingineko. Majivu yalipeperuka hewani, kisha yakatua juu ya mabati. Kwa majivu hayo pia kitenzi ni "settle". Mtoto aliyekuwa analia akinyamaza, tumbo lililokuwa linachafuka likitulia, ni neno hilo hilo. Kwa Kiswahili hapa ndipo panapofaa "kutua" na "kutulia".

Mzizi wa pili

Watu wengi wanaofundisha Kiingereza huishia hapo. Mwalimu huyu aliendelea, kwa sababu swali la mzee lilikuwa bado halijajibiwa. Kama "settle" ni kuketi, kwa nini Waingereza wanasema "settle a quarrel", kumaliza ugomvi?

Katika Kiingereza cha zamani kulikuwa na neno lingine, "saht". Lilikuja na watu wa kaskazini, waliofika Uingereza kwa mashua, wakapigana na wenyeji, kisha wakaishi nao. Maana yake ilikuwa upatanisho, ile hali ya watu waliokosana na sasa wamepatana. Kitenzi chake baadaye kilikuwa "sahtlen", kupatanisha. Sauti zake zilikuwa karibu sana na zile za "settle". Wataalamu wa historia ya lugha hiyo wanaona kwamba kadiri miaka ilivyopita vitenzi hivi viwili vilikaribiana, na "settle" ikapokea kazi ya upatanisho. Lile la pili likafa, halisemwi tena, lakini kazi yake imebaki ndani ya lile la kwanza.

Kwa hiyo anayesema "settle" leo anasema kuketi na kupatana katika pumzi moja, hata kama yeye mwenyewe hajui.

Katika karne ya 17 maana nyingine zikaongezeka: kukata neno, kulipa hesabu, na kwenda kuishi katika nchi mpya. Mwalimu akaandika mifano kwenye mlango wa zamani anaoutumia kama ubao:

"They settled the quarrel": walimaliza ugomvi.

"He settled his debt": alilipa deni lake, hakuna anayemdai.

"They settled the case": walimaliza kesi, mara nyingi kwa kupatana wenyewe kabla hakimu hajakata.

"It is settled": neno limekatwa, halijadiliwi tena.

"She settled down": alitulia, akawa na maisha ya mpango, labda akaolewa.

"He settled for less": alikubali kupata kidogo kuliko alichokuwa anataka.

Huo wa mwisho, alisema, ni wa kuangalia sana. Vile vineno vidogo vinavyofuata kitenzi vinageuza maana yote. "Settle in" ni kuzoea mahali. "Settle on" ni kuchagua. "Settle up" ni kulipa mnachodaiwa. "Settle for" ni kukubali kilichopo kwa kukosa kilicho bora. Mtu akisema "we settled in Rwamwanja", anasema walikaa Rwamwanja. Akisema "we settled for Rwamwanja", anasema walitaka mahali pengine, wakakosa.

Kifaransa hakina neno moja la kubeba haya yote. Deni na ugomvi vinapewa "régler". Kwenda kuishi mahali ni "s'installer". Kupelekwa nchi nyingine ni "réinstallation". Kwa hiyo mtafsiri anayesimama katikati ya Kiingereza na Kiswahili, huku kichwani mwake akipitia Kifaransa, analazimika kuchagua upande mmoja kila mara. Yule wa mkutano wa mzee alichagua upande wa kukalisha. Mgeni alikuwa amesema kumaliza neno la udongo, na mzee akasikia udongo wake ukipewa watu.

Mwalimu akapiga mkono kwenye ukuta mfupi walioukalia. Akawauliza mahali hapo panaitwaje. Wakajibu, "Baraza." Akawauliza tena: wazee wa kijiji wanapokutana kumaliza matata ya mipaka, mkutano huo unaitwaje? Wakajibu tena, "Baraza", na mmoja akasema "barza", kama wanavyosema wengi Kivu. Benchi la kukalia, na mahali pa kupatanisha watu, jina ni moja.

Mzee akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya mkutano ule. "Kumbe Waingereza nao walikuwa na baraza."

Nani anamketisha nani

Baada ya hapo mwalimu akawarudisha kwenye sarufi. Kitenzi hiki kinaweza kusimama peke yake, na kinaweza kumchukua mtu mwingine. "I settled in Minova" ni nilikaa Minova, mimi mwenyewe nikaamua. "They settled us in Minova" ni walitukalisha Minova, wao ndio walioamua. "We were settled in Minova" ni tulikalishwa, na hata jina la aliyetukalisha halikutajwa. Kiswahili kinaonyesha tofauti hiyo wazi kwa viambishi vyake: nilikaa, walitukalisha, tulikalishwa. Anayesoma karatasi ya Kiingereza inayomhusu ana haki ya kutafuta mtendaji yuko wapi.

Historia ya neno hilo inafundisha kwa nini. Waingereza walioanza kuvuka bahari kwenda Marekani mwanzoni mwa karne ya 17 wanaitwa "settlers", watu waliokwenda kukaa. Wenyeji waliokuwa wakiishi huko tayari hawakuhesabiwa ndani ya neno hilo. Nchini Kenya ilikuwa hivyo hivyo. Kuanzia sheria ya ardhi ya mwaka 1902, serikali ya kikoloni iliwagawia Wazungu mashamba kwenye nyanda za juu, na Wamaasai wakahamishwa kwa mapatano ya 1904 na 1911. Kiswahili kikawaita Wazungu hao walowezi. Kwa mlowezi, neno "settle" lilikuwa mwisho wa safari. Kwa Mmaasai na Mkikuyu, lilikuwa mwanzo wa kuondoka.

Wakati wa uhuru, katika miaka ya 1960, mashamba kadhaa ya Wazungu yalinunuliwa na kugawiwa Waafrika. Mipango hiyo nayo ikaitwa "settlement schemes". Neno lile lile lililotumika kuchukua likatumika kugawa upya.

Mwalimu hakulisema hilo kwa kuwafundisha historia tu. Nyumba yake huko Masisi ina watu. Jirani aliyepita karibu nayo alimwambia kwamba ni familia yenye watoto wadogo, na kwamba nao walitoka kijiji kingine wakikimbia. Kwa Kiingereza mtu anaweza kuandika kwamba familia hiyo ime-"settle" katika nyumba ile, na sentensi hiyo itakuwa sahihi kisarufi. Lakini upande wa pili wa neno, ule wa "saht", haujafanyika. Hakuna aliyeketi na mwingine. Hakuna aliyeuliza mwenye nyumba yuko wapi.

"Siwachukii," aliwaambia wanafunzi wake. "Nao wanasikia mvua kama mimi. Lakini mtu asiniambie hilo neno limekwisha."

Neno hilo katika karatasi za wakimbizi

Mama wa Nakivale alihitaji jibu lake. Nchini Uganda, mahali serikali inapowapokea wakimbizi panaitwa "settlement": Nakivale, Kyangwali, Kyaka II, Rwamwanja na pengine. Rwamwanja ilifunguliwa upya mwaka 2012 kwa ajili ya Wakongomani waliokuwa wakikimbia vita vya Kivu. Panaitwa hivyo ili kupatofautisha na kambi, kwa sababu chini ya sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 mkimbizi nchini Uganda anaweza kufanya kazi na kutembea, na familia hupewa kipande cha ardhi cha kujenga na kulima. Kipande hicho si mali yake, hawezi kukiuza, na kadiri watu wanavyoongezeka ndivyo vipande vinavyopungua. Nyarugusu, iliyofunguliwa Tanzania mwaka 1996 kwa Wakongomani, inaitwa kambi.

Kwa hiyo mwana aliyesema "tumefika kwenye settlement" alikuwa anataja jina la mahali, kama vile mtu anavyosema amefika sokoni. Hakusema kwamba maisha yake yametulia. Labda yametulia, labda hayajatulia; hilo ni la kumuuliza.

Kijana naye akajibiwa. "Resettlement" ni mpango wa kumchukua mkimbizi kutoka nchi aliyokimbilia kwanza na kumpeleka nchi ya tatu, kama vile Marekani, Canada au Australia, ili akae huko moja kwa moja. Ile "re" hapa ni ya tena: kukalishwa mara nyingine, mahali pengine. Kurudishwa katika nchi ya asili kuna jina lake, "repatriation", ambalo ni ndugu wa "rapatriement" ya Kifaransa. HCR inaweza kupendekeza jina la mkimbizi, lakini nchi inayopokea ndiyo inayoamua, na hakuna mkimbizi anayeweza kuidai nafasi hiyo kama haki. Haiuzwi pia. Huduma za HCR ni za bure, na anayeomba pesa ili aingize jina la mtu kwenye orodha ni mwizi. Wakimbizi wa ndani, waliobaki ndani ya Kongo, hawapitii njia hiyo, kwa sababu hawajavuka mpaka.

Tarehe 27 Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na hata watu waliokuwa na tiketi za ndege mkononi walizuiwa. Huyo dada mkubwa alikuwa mmoja wa waliokuwa wakingoja. Kijana aliandika maana hizo kwenye daftari, akakaa kimya. Alikuwa amejibiwa juu ya neno, lakini kuhusu safari hakuna mwalimu aliyekuwa na jibu.

Kwa wakimbizi wa ndani kuna karatasi nyingine ya kujua. Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa juu ya watu waliohamishwa ndani ya nchi zao zilitolewa mwaka 1998. Kanuni ya 28 inasema kwamba wenye mamlaka wana wajibu wa kwanza wa kutengeneza hali inayowawezesha watu hao kurudi makwao kwa hiari, katika usalama na heshima, au kwenda kukaa kwa hiari katika sehemu nyingine ya nchi. Inasema pia kwamba wahusika wenyewe washirikishwe katika kupanga. Kitenzi kilichotumika kwa njia ya pili ni "resettle", na neno lililowekwa kando yake ni la hiari. Likiondolewa neno hilo la hiari, kinachobaki ni kukalishwa.

Kisanduku kilichokosekana

Siku chache baadaye mwalimu mwenyewe alitembelewa. Kijana wa shirika moja alikuja na simu yake akihesabu familia. Maswali yalikuwa kwa Kiingereza ndani ya simu, naye aliyatafsiri kwa Kiswahili. Alipofika kwenye swali la hali ya familia, hakuuliza. Aliangalia chumba, akaangalia mlango wenye kufuli, akabonyeza.

Mwalimu akamwomba aone alichoandika. Ilikuwa "settled".

"Ondoa hiyo, mwanangu."

"Mama, lakini una chumba. Hukai tena kwenye bashi."

"Ninakaa, ndiyo. Andika 'staying'."

Kijana akamwonyesha simu. Visanduku vilikuwa vitatu tu: waliorudi, walio kambini, na "settled". Hakukuwa na cha nne.

Mwalimu akamweleza, bila kupandisha sauti, kwamba chumba ni cha mtu, na mwenyewe anaweza kukihitaji mwezi ujao. Kwamba nyumba yake ina watu na hakuna baraza lililokaa juu yake. Kwamba anadaiwa na muuza dawa aliyemtibia mtoto wake njiani, na hajapata cha kumlipa. Kwamba waliomfukuza na waliofukuzwa hawajawahi kuketi pamoja. Katika maana zote za neno hilo, kuanzia kiti mpaka deni mpaka amani, hakuna hata moja iliyotimia kwake. Familia ikiandikwa "settled", anayesoma orodha mbali na hapo anaweza kuona kwamba shida yake imekwisha, akapita kwenye jina linalofuata.

Kijana alisikiliza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametumwa na nyumba nyingi zilimngoja. Chini kabisa kulikuwa na nafasi ya maelezo. Akaandika kwa Kiingereza kile alichoambiwa, akamsomea. Mwalimu akamsahihisha neno moja. Kisha kijana akasema, "Sijui kama kuna atakayeisoma, Mama."

"Wewe umeisoma," mwalimu akajibu.

Maswali ya kuuliza

Mama wa Nakivale hakuuza masufuria yaliyobaki. Alimtumia mwanawe ujumbe wa sauti, akamuuliza kama kipande alichopewa kinatosha kulima, kama wanalala bila hofu, na kama anaonelea amfuate. Mzee alirudi kwenye mkutano uliofuata. Mgeni aliposema tena neno lile, mzee aliinua mkono kabla mtafsiri hajafungua mdomo, akauliza kama hiyo ni "settle" ya kukalisha watu au ya kumaliza neno. Mgeni alipoelezwa swali hilo, alijibu kwamba ni ya kumaliza neno, na mzee akabaki kwenye kiti chake mpaka mwisho.

Anayekutana na neno hili katika karatasi, simu au mkutano anaweza kuuliza mambo machache. Je, linataja mahali au linataja hali? Nani ameamua, mwenyewe au mtu mwingine? Ni kwa hiari? Ni mpaka lini? Na udongo, nyumba na madeni yaliyoachwa nyuma, yamewekwa wapi? Mtafsiri mwema hatakasirika kuulizwa. Atashukuru, kwa sababu naye anajua kwamba neno hilo ni zito kuliko linavyosikika.

Jioni iliyofuata mwalimu aliufuta mlango wake, akaandika kitenzi kipya cha kujifunza: "return", kurudi. Wanafunzi waliokuja walikuwa wengi kuliko siku zote.